Mkaguzi wa Sufuria

Machi 3

Daktari wa kliniki ya moyo ameniagiza niandike kila kinachoingia mdomoni mwangu. "Usichague, Bibi. Hata karanga moja." Nikamwambia nimekuwa mkaguzi wa shule karibu maisha yangu yote ya kazi, sihitaji kufundishwa kuandika taarifa. Akacheka, kisha akatazama kipimo akaacha kucheka.

Damu yangu inatakiwa isome kati ya mbili na tatu. Leo imesoma moja na nusu. Maana yake inaganda upesi kuliko inavyotakiwa, na kwa kuwa moyo wangu haupigi sawasawa bali unatetemeka kama jani, bonge linaweza kujitengeneza humo ndani, likatoka, likapanda kichwani. Ndiyo sababu kila jioni nameza kidonge cha kulainisha damu.

"Unameza dawa?" akaniuliza.

"Kila jioni."

"Basi kuna kitu unakula."

Haya. Asubuhi chai na mkate. Mchana wali na maharage. Jioni uji. Hakuna jani hata moja. Hakuna jani katika nyumba hii tangu siku nilipoanza dawa na kuelezwa kwamba inafanya kazi kwa kuipinga vitamini K, ambayo ndiyo ini hutumia kutengenezea vitu vya kugandisha damu, na kwamba vitamini hiyo imejaa katika mboga za majani. Nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo nikapiga marufuku mchicha, spinachi, kabichi na kila chenye rangi ya kijani. Mkwe wangu, mke wa marehemu mwanangu, aliuliza kama na kitenge chake cha kijani nacho kitoke. Sikucheka.

Machi 5

Chai, viazi, maharage, uji. Mawingu, hayanyeshi.

Machi 8

Nimekagua sufuria mkwe wangu alipokwenda dukani kununua uzi. Nikageuza mchuzi kwa mwiko mpaka chini. Hakuna kitu. Lakini kipimo hakisemi uongo. Mtu ananilisha K, na katika nyumba hii kuna mpishi mmoja tu.

Nimeishi naye miaka mingi na sijawahi kujua anawaza nini. Anashona kutwa chumba cha mbele. Cherehani yake ndiyo saa ya nyumba hii: ikilia najua yupo, ikinyamaza najua anafanya jambo. Leo ilinyamaza mara nyingi.

Machi 11

Mjukuu wangu amefika, tumbo limemtangulia mlangoni. Mumewe anaendesha lori la saruji na hatarudi kabla ya mwezi wa sita, kwa hiyo amekuja kujifungulia kwa mama yake. Amenibusu mikono yote miwili. Akaona alama nyeusi kwenye mkono wangu wa kushoto, pale nesi aliponishika kunipima.

"Bibi, nani kakupiga?"

"Dawa. Nikiguswa tu damu inavilia."

"Kwa hiyo wewe sasa ni ndizi mbivu."

Huyu ndiye pekee anayethubutu kunitania. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, juu ya magoti yangu, kabla hajaanza shule. Mpaka leo akikwama kwa jambo hamuulizi mtu mwingine. Nyumbani wana msemo wao juu yangu: Bibi anajua kila kitu isipokuwa kusema sijui.

Machi 14

Mvua imeanza. Chakula ni kile kile.

Machi 15

Nimemkamata mkwe wangu. Nilikuwa dirishani, nikamwona amesimama nyuma ya ukuta wa jirani yetu muuza gesi, ameinamia sahani, anakula haraka haraka huku akigeuka geuka kama mtu anayevuta bangi. Muuza gesi ameegemea pikapu yake anamcheka. Aliporudi nilimwita.

"Ulikuwa unakula nini?"

Akafuta mdomo. "Mchicha, Mama."

"Nyumbani kwa watu?"

"Kwako hauruhusiwi, Mama. Nami damu yangu haina shida na mtu."

Nikamuuliza kwa nini basi kipimo changu kinashuka. Akanitazama muda mrefu, kisha akaenda jikoni akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia. Yalibadilika mwezi uliopita, akasema. Ya zamani yalipotea dukani, akachukua haya ya soya. Nikavaa miwani nikasoma lebo. Nikampigia nesi wa kliniki. Akasema ndiyo, mafuta ya soya yana vitamini K, na si kidogo.

Nilikagua sufuria, sikukagua chupa.

Nilipaswa kumwomba radhi. Nikamwambia anunue ya alizeti.

Machi 19

Kitukuu! Wa kiume. Amezaliwa asubuhi, mvua ikipiga bati mpaka watu walikuwa wanapigiana kelele. Kilo tatu na kitu. Nilibaki nyumbani kwa sababu ya miguu yangu kuvimba, nikaletewa habari zote kwa simu.

Simu ya pili ilikuwa ya mjukuu mwenyewe. Sauti yake imechoka lakini inacheka.

"Bibi, nesi hapa ana sindano. Anataka kumchoma mtoto vitamini K. Si ndiyo ile yako? Ile inayogandisha damu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa nimkubalie?"

Nikasema: "Ukoo wetu na K hatukai nyumba moja. Mwambie asante, ampelekee mwingine."

Akacheka. Nikamsikia akirudia maneno yangu kwa mama yake, mama yake akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema, "Bibi kasema hapana," si kwangu, kwa mtu mwingine chumbani. Nikakata simu.

Tumemwita Bosi mpaka baba yake achague jina.

Machi 21

Bosi yupo nyumbani. Analala kutwa, anatutazama kama mtu aliyekuja kudai kodi.

Machi 27

Kipimo mbili na nusu. Daktari amefurahi. Kisha akanionyesha picha ya moyo wangu kwenye kioo, kifuko kikubwa kilichochoka kinachopepesuka. Nikamuuliza kama nitaziona mvua za mwakani. Akasema, "Tuzimalize hizi kwanza, Bibi." Nimekagua watu wengi, najua jibu linapokwepwa.

Sikuwaambia nyumbani.

Aprili 4

Kifua. Homa. Nimepewa dawa za kuua vijidudu, vidonge vikubwa kama vya ng'ombe.

Aprili 9

Silali vizuri, sili vizuri. Mkwe wangu ananiinua, ananibadilisha nguo. Ana mikono ya mtu aliyezoea kitambaa laini, hanibani popote. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

Aprili 14

Nimeamka na ladha ya chuma mdomoni. Mto una damu. Fizi zinavuja na hazikomi.

Aprili 16

Nimerudishwa nyumbani leo kutoka hospitali. Nitaandika yote, na taratibu, kwa sababu kuanzia hapa hii si tena taarifa ya chakula.

Jana walinipima wakakuta kipimo kimepanda kupita saba, yaani damu haigandi tena. Zile dawa za kifua zimegombana na kidonge changu, na mimi kwa kuwa sili K hata chembe sina akiba yoyote mwilini. Daktari, yule yule wa kliniki, alinisimamia kitandani amekunja mikono.

"Nilikwambia nini siku ya kwanza, Bibi?"

"Nisile mboga za majani."

"Hapana. Nilikwambia ule kiasi kile kile kila siku. Usizidishe leo, usipunguze kesho, mimi nitapima dawa kulingana na chakula chako. Asiyekula kabisa kijiko kimoja kinamyumbisha. Umewahi kuona mzani usio na kitu? Ukiweka nzi unacheza."

Nikataka kubisha. Kisha nikakumbuka. Ndivyo alivyosema, kweli. Nilisikia nusu ya sentensi na nusu nyingine nikaimaliza mwenyewe, nikiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu kukataza ni jambo ninalolijua na kupima ni kazi ya kila siku.

Akaja nesi na kikombe kidogo chenye matone ya dawa ya manjano.

"Nini hii?"

"Vitamini K. Ya kukirudisha chini kipimo chako."

Nikafunga mdomo kama mtoto. Akacheka, mwanamke mnene mwenye miwani. "Meza, Bibi. Hii wanapewa hata wenye siku moja duniani. Mtoto mchanga anazaliwa karibu hana kabisa, ya mama haivuki vizuri kwenye kondo la nyuma, na kwenye maziwa ya mama nako ni kidogo mno. Ndiyo maana tunawachoma sindano wakizaliwa. Wewe huna kwa sababu ya dawa, wao hawana kwa sababu ndio wamefika."

Nikameza. Nikamuuliza, kwa sauti niliyoitumia zamani kuwauliza walimu mambo ambayo sikutaka wajue kwamba siyajui, "Na asiyechomwa?"

"Wengi hawapati kitu. Wengine wanavuja damu. Siku za kwanza, au hata wiki kadhaa baadaye, mtoto mzima kabisa, ananyonya, ananenepa. Ikivujia kichwani..." Akachukua kikombe changu, akatazama kama kimebaki kitu. "Lakini siku hizi nani hachomwi?"

Nimerudi nyumbani kwa pikapu ya muuza gesi, katikati ya mitungi, amenifunika turubai. "Bibi Mkaguzi, umenyamaza. Umenikagua nimefaulu?" Nikavuta turubai mpaka kidevuni.

Mjukuu alinipokea mlangoni mtoto akiwa begani. Mashavu yamejaa. Nilitaka kusema pale pale kwenye ngazi. Akasema, "Bibi, tumshukuru Mungu umerudi, nilikuwa sina wa kumuuliza kitu." Akanipa mtoto nimbebe.

Sikusema.

Aprili 17

Mvua. Sijasema.

Nimejiambia kwamba karibu mwezi umepita na mtoto ni mzima. Nimejiambia kwamba nesi alisema wengi hawapati kitu. Nimejiambia kwamba kesho.

Aprili 18

Mvua. Sijasema. Nilianza. Nikamwita mjukuu, akaja, akakaa kitandani, akaninyoosha shuka. "Eeh, Bibi?" Nikamuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Akasema ananyonya kama ana mkataba.

Aprili 19

Sijasema. Barabara ya kliniki imejaa maji mpaka darajani.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa nimeshindwa kuusema pale. Siogopi kwamba nitaonekana mbaya. Watu wengi waliniona mbaya na nilikula nikashiba. Ninachoogopa ni kwamba mjukuu wangu ataniuliza, "Ulikuwa unajua ulipojibu?" na itabidi nimwambie kwamba sikujua chochote, kwamba nilifanya mzaha kwa sababu mzaha ulikuwa karibu na kujua kulikuwa mbali. Nimebakiwa na muda mfupi, na katika muda huo nilitaka kubaki yule anayeulizwa.

Nimeyaandika nikayasoma. Kuna mwanamke mwenye akili timamu anayeweka heshima yake na kichwa cha mtoto kwenye mzani mmoja, na anasubiri aone upande upi utalemea.

Kesho asubuhi.

Aprili 20

Asubuhi mjukuu aliamka na homa ya maziwa, titi limevimba, analia. Mkwe wangu alishinda akimkanda kwa maji ya moto. Cherehani kimya. Hapakuwa na nafasi.

Nafasi ilikuwepo. Palikuwa na nafasi saa yoyote.

Aprili 21

Mvua. Sijasema.

Aprili 22

Mtoto ametapika maziwa kidogo. Watoto hutapika. Nimemtazama usingizini mpaka mkwe wangu akasema, "Mama, utamchoma kwa macho."

Aprili 23

Naandika hii nikiwa peke yangu nyumbani. Nitaandika mpaka simu ilie.

Mchana walimwogesha katika beseni, pale chumba cha mbele karibu na cherehani, penye mwanga. Nilisogezwa kwenye kiti ili nione. Mjukuu alimnyanyua kutoka majini akamgeuza, na chini ya kwapa, kila upande, nikaona alama. Mviringo, mviringo, mviringo, kama vidole vilivyochovywa wino.

Mkwe wangu naye aliziona. "Umembana sana wewe. Mtoto habebwi kama furushi."

"Sijambana, mama! Namshika hivi tu."

"Hivi tu ndiyo imemfanya hivi?"

"Jana hazikuwepo. Wallahi hazikuwepo."

Nikawaambia wamlete. Wakamlaza mapajani kwangu, amelowa, anapiga miguu. Nikakunja mkono wa gauni langu mpaka kiwiko nikauweka mkono wangu kando ya mwili wake. Alama zangu za hospitali bado zipo, zile za vidole vya nesi. Rangi ile ile. Zambarau katikati, manjano pembeni. Wangu mkono wa mtu wa miaka themanini na mbili, zake mbavu za wiki tano, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba ni ugonjwa mmoja.

Kwenye tundu la pua yake la kulia palikuwa na kipande cheusi kilichokauka. Mjukuu alisema ni kucha, amejikwaruza. Nikakigusa na pamba. Chini yake palikuwa pabichi, pekundu.

Nikasema. Haikuwa hotuba. Nilisema: "Mpelekeni hospitali sasa hivi. Hakuchomwa ile sindano ya vitamini K. Mtoto mchanga anaihitaji, asipoipata damu yake haishiki. Niliwajibu vibaya. Sikuwa najua."

Mjukuu alikuwa ameshika taulo. "Hukuwa unajua nini?"

"Chochote. Uliniuliza nikakujibu kama ninajua."

"Na umejua lini?"

Pale ndipo ningeweza kusema sasa hivi, nilipoziona alama. Wangeniamini.

"Siku niliyotoka hospitali."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Uso wake ulinisoma taratibu, herufi kwa herufi, kama nilivyomfundisha, na ulipofika mwisho ukafungwa. Akamchukua mtoto mapajani kwangu kwa uangalifu mkubwa ili asiniguse.

Mkwe wangu alikuwa ameshatoka nje. Nilimsikia akimwita muuza gesi kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na muuza gesi akijibu kwamba daraja haliaminiki, na yeye akisema, "Sikukuuliza habari za daraja, nimekwambia washa gari." Mitungi ikaanza kushushwa, inagongana. Alirudi akavuta kitambaa cha mteja kutoka kwenye cherehani, kitambaa cha harusi ambacho hakijakatwa, akamfunika mtoto.

Nikamshika nguo. "Ukifika, usianze na jina lake. Anza na hilo: hakuchomwa vitamini K. Mwambie mtu wa kwanza mwenye koti jeupe. Na msimbane."

"Nimesikia, Mama."

"Mshike kama ulivyonishika mimi."

Akanitazama. Akatikisa kichwa kukubali, wakaenda.

Beseni bado lipo sakafuni. Maji yamepoa. Mvua haipungui. Kwenye gauni langu, pale alipolala, kuna doa dogo jekundu, na nimelitazama likikauka tangu waondoke. Halikukauka haraka.

Nikiwa mtu wa kuomba, ninaomba hivi: kama kuna bonge mahali fulani moyoni mwangu linasubiri, lipande leo, nimelikubali. Najua kwamba hesabu haziendi hivyo. Mtu mwoga hupenda kulipa kwa kitu ambacho tayari anakipoteza.

Baadaye. Simu imelia. Mkwe wangu.

"Mama, wamemchoma."

"Anapumua?"

"Analia. Darajani pua ilifunguka, Mama, ilichuruzika, kitambaa chote. Muuza gesi alikuwa anaendesha huku analia kuliko sisi. Tulipofika nikasema kama ulivyoniambia. Daktari hakuuliza la pili. Wamemchoma pajani, wamempa na damu ya kuongeza nguvu. Pale pa sindano palivuja, palivuja, tukakaa tunapatazama."

"Na sasa?"

"Pamekauka."

"Kichwa?"

"Watampiga picha asubuhi."

Nikamuuliza kama mjukuu yupo karibu. Nikamsikia akisogea pembeni. "Yupo, Mama. Hataki simu."

Aprili 24

Picha haijatoka. Muuza gesi ameniletea chai ya chupa akakaa nami, hana la kuchekesha leo.

Aprili 25

Kichwani hakuna damu. Hakuna. Nimeliandika neno hilo mara mbili ili nilione.

Mei 1

Wamerudi. Bosi amepauka kidogo lakini ana hasira, na hasira ni dalili nzuri. Mjukuu amehamisha kitanda cha mtoto kutoka chumbani kwangu. Akitaka kuniambia kitu anapitishia kwa mama yake nikiwa hapo hapo: "Mwambie atoe miguu nifagie." Mama yake ananitazama, mimi natoa miguu.

Mei 3

Jioni mkwe wangu alikuja kunifunga vitambaa vya miguu. Nikamwambia lile la Machi, la chupa ya mafuta. Kwamba nilimshuku. Kwamba nilikuwa nikichokora sufuria zake akitoka.

"Nilijua, Mama. Mwiko ulikuwa unakutwa upande mwingine."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unaogopa kufa." Akafunga fundo. "Nami nilikuwa naogopa ufe ukidhani ni mimi."

Nikamwomba radhi, kwa hilo na kwa mchicha wa nyuma ya ukuta. Akasema ule wa nyuma ya ukuta ulikuwa mtamu, hana kinyongo nao.

Mei 9

Miguu imevimba mpaka magotini. Napumua nikiwa nimekaa tu, nikilala siwezi. Daktari alikuja nyumbani, jambo ambalo madaktari hawalifanyi bila sababu. Walizungumza mlangoni kwa sauti za chini, yeye na mjukuu.

Mchana mjukuu aliingia mwenyewe, bila kutuma mtu. Ameshika sahani. Wali, maharage, na pembeni kilima kidogo cha mchicha, kijani kweli kweli, kina umbo la kikombe cha kahawa alichokipimia.

"Kikombe kimoja," akasema. "Kila mchana. Kisizidi, kisipungue. Daktari atapanga dawa."

Nikamwambia asinisamehe kwa sababu tu ninakaribia kuondoka, kwamba hiyo si sababu nzuri.

"Sijasema nimekusamehe, Bibi. Nimesema kula."

Nikala. Nilikuwa nimesahau kwamba mchicha una harufu ya ardhi baada ya mvua. Alikaa mpaka nikamaliza, akageuza sahani kuikagua, akaenda nayo.

Mei 12

Kikombe kimoja.

Mei 13

Kikombe kimoja. Jua kidogo. Nguo zimeanikwa.

Mei 16

Kikombe nusu, nimeshindwa. Mjukuu hakugomba. Akaandika pembeni ya kalenda, ili daktari ajue.

Mei 18

Alama za mtoto zimekwisha kabisa. Zangu zipo.

Mei 20

Kalamu imekuwa nzito, nitaandika kidogo.

Mvua zimekwisha. Leo mchana mjukuu aliingia na mtoto mikononi, amesimama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akamgeuza Bosi akanionyesha shingo. Vipele vidogo vyekundu, chini ya kidevu, kwenye mikunjo.

"Bibi, hivi ni joto tu, au ni kitu?"

Nilivaa miwani. Nikatazama muda mrefu. Vilifanana na joto. Nimeona watoto wengi wenye vipele vya joto, na jibu lilikuwa limeshafika ulimini, zuri, limenyooka, lina hata mzaha ndani yake.

"Sijui," nikasema. "Kamuulize nesi."

Akabaki ananitazama. Mdomo ukamchezacheza. Kisha akageuza kichwa mlangoni akapaza sauti:

"Mama! Njoo usikie! Bibi kasema hajui!"

Chumba cha mbele cherehani ikanyamaza.

Mjukuu alimlaza mtoto mapajani kwangu, akaiweka mwenyewe mikono yangu pale inapotakiwa, akaenda kutafuta viatu vya kwendea kliniki.